Mitungi Miwili ya Nyumba ya Muhannad

Rudaina alikuwa mwoga na wala hakulificha hilo. Akifunga mlango wa nyumba yake alirudi kuangalia gesi, akifika chini ya ngazi alirudi tena kuangalia kama kweli ameangalia. Mama yake alikuwa akisema kwamba alizaliwa mwaka wa ile theluji kubwa, siku ambayo mkunga hakuweza kufika, na hofu ya wote waliokuwemo chumbani ikamwingia yeye kwa kuwa ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote. Alisoma kompyuta katika chuo kikuu cha hapahapa Irbid. Hakutaka kwenda Amman, mji mkuu, kwa kuogopa barabara.

Ofisi yetu iko juu ya duka la mkaanga kahawa, kwa hiyo kutwa tunanuka iliki. Mimi, Mama Sanad, nilikuwa natunza majalada na kujibu simu. Rudaina ndiye aliyekuwa akiandika programu, meza yake ikiwa dirishani, na nilimpenda kwa sababu hakuwa na kiburi cha watu wa kazi yake. Alikuwa anamtunza baba yake aliyepooza mkono, hajaolewa, na kila Alhamisi alibeba kilo ya kunafa, kile kitamu cha jibini na shira, kwa dada yake. Hayo ndiyo maisha yake, na yalikuwa yamenyooka hadi mwaka ule tulipompata msaidizi.

Kwanza niseme kazi yenyewe. Kuna kampuni inayopeleka mitungi ya oksijeni majumbani kwa wagonjwa wa mapafu, na sisi ndio tuliokuwa tukiiandikia programu zake. Habari za wagonjwa hazikukaa kwenye kompyuta zetu. Zilikaa kwenye jukwaa la kampuni moja ya ng'ambo: jina, simu, njia ya kufika, mitungi mingapi, siku gani. Programu za Rudaina zilichota habari huko na kuwapangia madereva safari zao. Kilichoandikwa kwenye jukwaa ndicho kilichopakiwa garini. Kisichoandikwa hakikupakiwa.

Msaidizi naye ni akili mnemba ya kuandikia programu. Unamweleza shida kwa maneno ya kawaida, naye anaandika. Mwanzoni Rudaina alikuwa anamnakilia kipande kimoja kimoja kutoka kwenye jukwaa, ajue habari zimekaaje. Mkuu wetu Ghaleb, ambaye sote tulimwita Baba Laith, akachoka kuona.

"Mbona unamlisha kwa kijiko kama kitoto? Mwunganishe na jukwaa, ajipakulie mwenyewe."

"Naweza. Lakini nataka ufunguo wa kusoma tu."

Jukwaa lile hutoa funguo, mistari mirefu ya herufi za siri. Upo ufunguo wa kusoma, na upo wa kusoma na kubadilisha. Ule wa kusoma ulitakiwa uombwe na mtu wa kampuni ya oksijeni, na mtu huyo alikuwa Makka kwa umra. Baba Laith akautoa ufunguo wake mwenyewe.

"Chukua wangu."

"Wako unafungua milango yote, Baba Laith."

"Basi usiifungue yote. Wewe mwoga, binti yangu. Nani salama kuliko mwoga?"

Tukacheka, na Rudaina akacheka pia, ila nilimwona akifuta viganja kwenye sketi. Baadaye aliniambia kwamba siku ile alikuwa na hofu mbili, hofu ya ufunguo na hofu ya kuonekana hafai. Watu wa ofisi nyingine walikuwa wameanza kuachishwa kazi na kuambiwa msaidizi anatosha. Hofu ya pili ilishinda ya kwanza.

Alhamisi alifanya kazi na msaidizi kutwa nzima. Orodha ya madereva ilikuwa ikikwama kila inapokuta wagonjwa wenye namba moja ya simu, naye akamwambia msaidizi aitafute hitilafu na kuiondoa. Msaidizi aliomba ruhusa kila hatua. Nisome hapa? Ndiyo. Nijaribu hivi? Ndiyo. Asubuhi Rudaina alisoma kila ombi akitembeza kidole kwenye skrini. Baada ya adhuhuri alisoma mwanzo wa sentensi tu. Ilipokaribia saa ya kutoka, ambapo mtu anawaza kunafa ya dada yake na foleni ya duka la mikate, mkono ulikuwa unajibu wenyewe.

Ombi moja lilisema: "Rekodi kadhaa zina simu moja, jina moja na mtaa mmoja. Inaonekana ni mgonjwa mmoja aliyeandikwa mara mbili. Niziunganishe?"

Ndiyo, akabonyeza. Alidhani ni kwenye nakala ya majaribio, si kwenye jukwaa lenyewe.

Huku kwetu jina la mama wa mtu au mke wa mtu haliachwi likazagaa. Kadi ya harusi ina jina la bwana harusi na majina ya baba zao wawili, na bibi harusi ni "binti yake" tu, basi. Kwa hiyo mwanamume anayemwandikisha mama yake huweka namba yake mwenyewe, na penye jina huandika "familia ya fulani". Wakiwa wanawake wawili katika nyumba, "familia ya fulani" huandikwa mara mbili. Kila dereva anaelewa. Sisi wote tulikuwa tunaelewa, tangu tukiwa wadogo, na ndiyo maana hakuna aliyefikiria kumweleza msaidizi.

Ijumaa na Jumamosi tulipumzika. Madereva huanza Jumamosi.

Jumapili asubuhi, wiki ikianza, Nayef dereva alipanda ofisini kwetu kama kawaida yake kuja kunywa chai ya mrehani-pori kabla ya safari. Ni mtu mnene, mpole, mwenye maneno mengi. Siku ile alikoroga sukari muda mrefu, kisha akasema:

"Wiki hii Mungu amechukua wengi."

"Nani tena?" nikamwuliza.

"Wagonjwa wangu. Nyumba tatu zilizokuwa na mitungi miwili, jana nimepakiwa mmoja mmoja. Wale mabibi wa kule kijijini Hawwara ndio wameniuma zaidi. Wake wenza wale, nyumba ya Muhannad, mama yake na mama wa kambo. Mmoja ametangulia, maskini."

Rudaina alikuwa amenipa mgongo.

"Nani alikwambia amekufa?" akauliza bila kugeuka.

"Injinia, mtungi ulikuwa mmoja. Nimewapa pole hapo mlangoni nikaondoka."

"Hukuuliza?"

"Niulize nini? 'Shikamooni, yupi kati yenu amekufa?' Hayo maneno ya mwanamume mlangoni pa wanawake?"

"Walikujibu nini?"

"Bi mkubwa alinijibu kama wafiwa wanavyojibu. 'Maisha yaliyobaki yawe yako.' Ungetaka nini zaidi?"

Rudaina hakuwa akisikiliza tena. Alikuwa amefungua kompyuta na anaandika. Alimwuliza msaidizi: wale wa Alhamisi uliwaunganishia wapi?

Jibu lilikuja papo hapo, kwa upole ule ule wa siku zote. Aliwaunganisha kwenye jukwaa lenyewe, kwa ufunguo aliopewa. Nyumba tatu. Katika kila nyumba ilibaki rekodi moja na mtungi mmoja. Alisema alichukulia kuwa ni mtu mmoja kwa sababu simu na jina vilifanana, hakuwa na uhakika, na alipaswa kusema hivyo waziwazi alipoomba ruhusa. Alisema hana njia ya kuzitenganisha tena, kwani jukwaa halitoi njia hiyo, ila watu wa jukwaa wanaweza. Akashauri wapigiwe simu wagonjwa kwanza, mara moja, kabla ya jambo lingine lolote.

"Wapigie wa jukwaa," Baba Laith alisema. Alikuwa ameshatoka chumbani kwake na amesimama nyuma yetu, sigara haijawashwa.

Nikapiga. Sauti iliyorekodiwa ikatuambia kwamba ofisi zao zimefungwa, tunatakiwa mapumziko mema, tupige Jumatatu. Kwao Jumapili ni siku ya kanisa. Kwetu ilikuwa siku ya kwanza ya kazi, na watu walikuwa wanapumua au hawapumui.

Tukapigia nyumba zenyewe. Ya kwanza mtoto wa mgonjwa alipokea, akatutukana matusi ambayo sitayaandika, akasema ameshakwenda mwenyewe kuazima mtungi hospitali. Ya pili walikuwa na akiba. Ya tatu, ile ya Hawwara, namba ni ya Muhannad, na Muhannad yuko Kuwait kwenye mitambo ya mafuta. Huko simu huachwa getini. Iliita, ikaita, ikakatika. Rudaina akapiga tena, na tena, bila kuketi.

"Hakuna namba ya nyumbani?" Baba Laith akauliza.

"Hakuna. Kuna yake tu," nikamjibu.

"Na mtungi wa zamani una kiasi gani?" Rudaina akamwuliza Nayef.

Nayef alikuwa ameshusha bilauri. "Ulikuwa wa kubadilishwa jana," alisema. "Jana, Injinia."

Baada ya hapo kila mtu alianza kufanya jambo. Baba Laith alipiga simu ya dharura, wakamwuliza nyumba iko wapi, akawasomea kama Muhannad alivyoandika: nyuma ya tanuri la zamani, mlango wa bluu. Wakamjibu kwamba wanatoka sasa hivi, lakini Hawwara matanuri ya zamani ni mengi na milango ya bluu ni mingi zaidi. Nayef alitaka kukimbilia ghalani, upande wa Ramtha. Akakumbuka kwamba ghala halitoi mtungi usio na oda kwenye jukwaa, hata umlilie mlinzi machozi ya damu.

Basi ilibidi mtu aiandike rekodi upya, kwa mkono, kwenye jukwaa lenyewe, kwa ufunguo ule ule. Baba Laith alimtazama Rudaina. Rudaina aliutazama mkono wake wa kulia kama vile si wake.

"Siwezi," akasema. "Nikikosea tena?"

"Andika. Mimi nasoma kila neno."

Akaandika. Alibonyeza herufi moja moja, kama mtu anayejifunza, na mkuu wetu mwenye makelele alisoma kila neno kwa sauti ya chini kama anayesoma dua. Oda ya mitungi miwili ikatokea. Nayef alikuwa ameshafika kwenye ngazi.

"Nyumba haina mwanamume," alipiga kelele kutoka chini. "Mimi sitaingia ndani. Aende mwanamke!"

Nilikuwa na gari. Rudaina akapanda, yeye aliyeogopa barabara ya Amman, na njia nzima hakuniambia nipunguze mwendo. Alishika simu kwa mikono miwili na kumpigia Muhannad. Mara moja tu alisema neno. Alisema, "Mama Sanad, mtu akikosa hewa anajua?"

Nilikanyaga mafuta. Nilikuwa nafikiria jibu, na jibu lilikuwa ndiyo.

Nayef, aliyeijua nyumba, alikuwa hapokei simu, na tanuri la kwanza halikuwa lenyewe. La pili lilikuwa na mlango wa bluu nyuma yake, tukagonga, akatoka mwanamume na watoto wakashangaa. La tatu lilikuwa limebomoka nusu, na nyuma yake kulikuwa na ukuta, mkomamanga, na mlango wa bluu uliochujuka. Rudaina aliugonga kwa kiganja.

"Hodi! Wenyewe!"

Kimya. Kuku alipita. Kwenye kamba kulikuwa na nguo mbili za wanawake, nyeusi zote mbili, zimekauka hadi zimekakamaa, na hakuna aliyezianua.

"Hodi!"

Rudaina aliweka sikio mlangoni. Niliona midomo yake ikienda, nadhani alikuwa anasoma Ayatul Kursiy, lakini alikuwa anaichanganya, anarudia mwanzo. Kisha tukasikia kitu kikikokotwa sakafuni. Polepole. Kikasimama. Kikakokotwa tena.

Komeo likatoka. Bibi mrefu, mkavu, aliyechanjwa chale za buluu kidevuni kama wanawake wa zamani, alikuwa ameshika ukuta. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zabibu.

"Nani anagonga kama askari wa Waturuki?" akasema, na akalazimika kuvuta pumzi katikati ya sentensi.

Huyo ndiye Mama Muhannad, bi mkubwa. Tulimshika, huku na huku, tukamrudisha chumbani. Alama sakafuni zilionyesha kwamba kwa kawaida magodoro mawili hukaa kwenye kuta mbili zinazoelekeana, kama nchi mbili. Lakini katikati, penye mpaka, godoro moja lilikuwa limeburutwa hadi likagusana na jingine, na baina yao ulisimama mtungi mmoja. Mama Samah, bi mdogo, mnene, mwenye nywele alizopaka hina, alikuwa amelala na barakoa usoni. Kifuani alikuwa ameshika tasbihi.

"Zamu imekwisha?" Mama Samah aliuliza ndani ya barakoa.

"Bado, kaa nayo," bi mkubwa alimjibu. "Wageni."

Walikuwa wanapokezana. Mtungi wa zamani ulikuwa na masalio, yaliisha alfajiri. Tangu hapo walikuwa wakigawana huu mmoja, duru moja ya tasbihi kwa kila mtu. Na kwa kuwa zamu ni fupi na kifua hakishibi, walikuwa wameufungua mtungi hadi mwisho. Rudaina alipiga magoti mbele ya geji. Mshale ulikuwa ndani ya wekundu.

"Kwa nini hamkuita mtu?" alisema. Sauti ilimtoka kama ya mtoto. "Majirani?"

"Nikawaambie nini? Kwamba Muhannad ametutupa? Tumempigia, hapokei. Nikasema atakuwa kazini." Mama Muhannad aliketi kwa shida. "Jana kijana wa mitungi kanipa pole. Nikadhani jirani amekufa, nikamjibu kwa adabu. Pole hairudishwi."

"Alikuwa anakupa pole yangu, mjinga wewe," Mama Samah alisema. Alijitahidi kucheka, ikawa kikohozi. Akavua barakoa, akamnyooshea mwenzake. "Chukua. Na uhesabu vizuri. Huyu anaruka punje za tasbihi."

"Mimi naruka punje? Wewe ndiye unayevuta punje mbili mbili ikiwa zamu yangu!"

"Nina mapafu mabovu kuliko yako."

"Yangu yaliungua kwenye tanuri nikikuokea mikate. Yako umeyachoma kwa sheesha, na nani alikuwa anakuwashia makaa? Mimi."

Wangeweza kunichekesha siku nyingine yoyote. Lakini kila neno waliligharamia, na baina ya neno na neno nilisikia vifua vyao vikipiga filimbi. Rudaina hakuondoa macho kwenye mshale. Nikampigia Nayef. Alikuwa ameshapakia, alikuwa njiani, kuna lori la matango limepinduka. Nikampigia mtu wa dharura, akaniambia wako Hawwara, wapo kwenye tanuri, mlango wa bluu umefunguliwa na mwanamume. Nikamwelekeza. Akasema wanageuza.

Mama Muhannad alishika barakoa, akavuta mara chache, punje chache tu. Kisha akaitazama midomo ya mwenzake, akamrudishia barakoa usoni kabla ya zamu kwisha.

"Mama, ni zamu yako," Rudaina alimwambia.

"Nyamaza. Mimi nimeshiba."

Hakuwa ameshiba. Alikuwa ameinama mbele, mikono magotini, mabega yanapanda juu kila anapovuta. Rudaina alijaribu kumrudishia barakoa, bibi akampiga mkono kofi dogo.

Na mtungi ukaanza kubadili sauti. Ule mluzi wake ukawa mwembamba, mwembamba zaidi, kama wa mbu aliye chumba cha pili. Mshale ulilala kwenye sifuri. Sijui kama kilichobaki kwenye mpira ni hewa au mazoea tu.

"We mvuta sheesha," Mama Muhannad alisema. "Kijana wa mitungi anakuja. Jifunike nywele."

Mama Samah hakujibu.

"Nimesema jifunike. Hina yenyewe imepauka kama mkia wa punda."

Hakujibu. Tasbihi ilikuwa imemtoka mkononi na kuteleza kwenye shuka. Macho yake yalikuwa nusu wazi.

Hapo ndipo nilipoona hofu halisi, na haikuwa ya Rudaina. Mama Muhannad alitambaa kwa magoti, akamshika yule mwanamke mashavu, akaanza kumpigapiga. "Sema! Nitukane! Miaka yote hujawahi kunyamaza, leo ndiyo unaona heri? Nitukane, ee!" Sauti yake ilikatika kwa kukosa pumzi, akaendelea kwa midomo tu. Rudaina alikuwa amemshika Mama Samah mkono, amekazia macho kifua chake, na kila kifua kilipopanda alisema kwa sauti, "Ndiyo." Kikipanda tena, "Ndiyo." Kisha hakikupanda, naye hakusema kitu, na chumba kizima kilingoja. Kikapanda.

Honi ikalia nje.

Nilikimbia mlangoni. Nayef alikuwa ameubeba mtungi begani, jasho linamtiririka, na alipofika kizingitini alisimama kabisa, ameinamisha macho, kama mtu aliyegonga ukuta.

"Waambieni wajisitiri! Nipokeeni hapa!"

Mimi na Rudaina tungeubebaje mtungi ule? Kutoka ndani ikaja sauti, nyembamba, ya mkwaruzo, ya bi mkubwa:

"Ingia, mpumbavu! Umeshatuzika, sasa ndiyo unaona haya?"

Akaingia, macho chini, akisema samahani samahani kwa kila hatua. Alifungua, akafunga mpira, akazungusha. Ule mluzi mnene ukajaa chumbani. Rudaina aliweka barakoa kwenye uso wa Mama Samah na kuibana kwa mikono yote miwili, kwa nguvu hadi nikamwambia alegeze. Nayef alikuwa hajashusha ule wa pili. Aliurudia garini akilia waziwazi.

Sijui ulipita muda gani. Mama Samah alikunja uso. Akafumbua macho, akatutazama mmoja mmoja, akamtafuta mwenzake.

"Mkia wa punda ni wako," akasema.

Mama Muhannad alijitupa kwenye godoro lake, akavaa barakoa ya pili, akageukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Watu wa dharura walifika wakati huo. Wakawavika kile kidude cha kidoleni cha kupima hewa mwilini, wakatikisa vichwa, wakataka kuwachukua wote wawili. Mama Samah akakataa kwenda kama mwenzake haendi, na mwenzake akakataa kwenda na Mama Samah. Wakabaki, mmoja wa vijana akikaa nao hadi namba za kidude zikampendeza.

Ndipo simu ya Rudaina ilipoita. Ni Muhannad. Ametoka mitamboni, ameikuta simu getini imejaa miito kutoka nyumbani, namba asiyoijua na namba ya wazee wake. Hakusalimia.

"Yupi?" alisema. "Niambie tu yupi."

Rudaina aliihamisha simu sikio la pili. Nilidhani atanipa simu. Hakunipa.

"Wote wawili wako hai," alisema. "Wako hapa. Walikosa mtungi mmoja. Kosa ni langu, naitwa Rudaina, mimi ndiye ninayeandika programu. Wazee wako nilikubali wahesabiwe mtu mmoja."

Ng'ambo ile tulisikia mashine zikinguruma, na mwanamume anavuta pumzi. Kisha akasema, "Mweke mama kwenye simu." Rudaina akauliza, "Yupi?" Naye akasema, "Yeyote."

Jumatatu watu wa jukwaa walizitenganisha rekodi zile kwa muda mfupi sana, wakaomba radhi kwa usumbufu. Muhannad hakushtaki. Baba Laith aliufuta ufunguo wake mwenyewe, mbele yetu, akaandika kwa kampuni ya oksijeni kwamba kosa la ufunguo ni lake. Nilimheshimu kwa hilo, ingawa hakuacha kuvuta sigara ofisini. Msaidizi hakufukuzwa. Ameunganishwa bado, kwa ufunguo wa kusoma tu, na Rudaina amemwandikia maelezo marefu kuhusu nyumba zetu, kwamba huku simu moja inaweza kuwa ya watu watano na jina la mtu si lazima liandikwe. Pia madereva wameamriwa kuuliza, hata kama ni aibu. Nayef anasema anauliza akiwa ametazama viatu vyake.

Rudaina alitaka kuacha kazi, kisha hakuacha. Amekonda. Kila siku ya kupeleka mitungi, kabla gari halijatoka ghalani, anapiga Hawwara kwenye simu ya Mama Samah. Halikuwa agizo la mtu. Anauliza neno moja tu, "Wawili?" na huko anajibiwa kwa namna yoyote waliyoamkia: "Wawili na shetani wetu," au "Wawili, lakini mmoja ananuka," au "Wawili, lini utaolewa?"

Wiki iliyopita simu iliita bila kupokelewa. Alipiga tena. Watu waliendelea na kazi zao, mimi nikaacha. Aliposimama alikuwa na funguo za gari langu mkononi, sikumwona akizichukua, na uso wake ulikuwa ule ule wa mlango wa bluu. Tukashuka ngazi. Nilikuwa nimeshawasha gari simu ilipoita.

"Wawili," Mama Muhannad alisema, akihema. "Tulikuwa tunagombana."

Rudaina alisema ahsante. Alikaa kwenye gari, mkanda umefungwa, akanambia nimwache hapo kidogo, nami nikazima injini.